Matriksi imeniambia maandazi 100 yananigharimu laki mbili na zaidi. Kosa liko wapi?

*"Mwalimu, habari za kazi. Ninapika maandazi, chapati na sambusa hapa Morogoro. Nauzia shule moja, kibanda cha stendi na ofisi ya jirani. Miaka yote gharama nakadiria kichwani. Mwanangu yuko kidato cha nne, wamesoma matriksi, akaniambia mama, hesabu zako zote zinaingia kwenye matriksi mbili, yaani majedwali mawili ya namba, moja ya vipimo na moja ya bei, ukizizidisha unapata gharama ya kila kitu. Tukakaa mezani tukafanya. Chapati na sambusa zikatoka namba zinazoeleweka, lakini maandazi 100 yakatoka shilingi 235,400! Tukahamia kwenye simu, Google Sheets, huko ndiyo ikakataa kabisa, inaandika #VALUE! tu. Mwanangu anasema labda tumekosea mpangilio wa kuzidisha, na kwamba tukishapata jibu tunaweza kuigeuza matriksi itupe bei ya kuuza. Mimi naanza kuona hizi ni hesabu za darasani, hazina kazi jikoni. Unga nanunua mfuko wa kilo 25 kwa 45,000, sukari kilo 3,000, mafuta ndoo ya lita 20 kwa 110,000, hamira pakiti ya gramu 500 kwa 9,000, nyama ya kusaga kilo 11,000, vitunguu kilo 2,000. Andazi nauza 200, chapati 400, sambusa 500. Vipimo vya vipande mia mia nimekuambatishia, pamoja na oda za siku. Halafu sukari ikipanda tena, nipandishe bei ya andazi au nipunguze ukubwa?"*

Dada yangu, nimeipitia hesabu yenu ya mezani mstari kwa mstari. Kijana hajakosea kuzidisha hata mahali pamoja. Shilingi 235,400 ndilo jibu halali la kile mlichokiandika, na mlichokiandika ni kwamba kila gramu moja ya hamira inauzwa shilingi 9,000. Kwenye vipimo hamira mmeiweka kwa gramu, 25. Kwenye bei mmeiweka kwa pakiti. Mara 25 kwa 9,000 ni 225,000, na hapo ndipo andazi lako lilipogeuka dhahabu. Unga na mafuta mliyagawa vizuri mkapata bei ya kilo na ya lita, hamira ikawaponyoka kwa sababu ni kitu kidogo ambacho mtu hakipi uzito akilini.

Gawa 9,000 kwa 500, gramu moja ni shilingi 18. Hamira ya maandazi 100 inakuwa 450, na jumla inashuka mpaka 10,850. Andazi moja, shilingi 108 na nusu.

Kwa hiyo la kwanza tumelimaliza. Ila swali lako lina mambo mengine matano ndani yake, na mojawapo, hilo la mpangilio, linaweza kukuletea hasara kubwa kuliko hamira, kwa sababu lenyewe halitoi namba ya kushtua. Twende taratibu.

Vipimo ulivyonitumia nimevipanga hivi. Kila mstari unaolala ni bidhaa moja, vipande 100. Kila safu inayosimama ni malighafi moja.

| | Unga (kg) | Sukari (kg) | Mafuta (lita) | Hamira (g) | Nyama (kg) | Vitunguu (kg) |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Maandazi | 2.5 | 0.5 | 0.8 | 25 | 0 | 0 |
| Chapati | 6.5 | 0.1 | 1.6 | 0 | 0 | 0 |
| Sambusa | 1.5 | 0 | 1 | 0 | 2.5 | 1.5 |

Hiyo ni matriksi ya 3 kwa 6, yaani mistari mitatu na safu sita. Bei zinasimama kwenye safu moja, kwa mfuatano uleule wa malighafi: 1,800 kwa kilo ya unga, 3,000 ya sukari, 5,500 kwa lita ya mafuta, 18 kwa gramu ya hamira, 11,000 ya nyama, 2,000 ya vitunguu. Hiyo ni matriksi ya 6 kwa 1.

Kuzidisha matriksi ni kitu ambacho umekuwa ukikifanya dukani tangu zamani. Unachukua mstari wa bidhaa, unazidisha kipimo cha kwanza kwa bei ya kwanza, cha pili kwa bei ya pili, mpaka mwisho, kisha unajumlisha. Basi. Chapati: 6.5 mara 1,800 ni 11,700, sukari 0.1 mara 3,000 ni 300; mafuta 1.6 mara 5,500 ni 8,800. Yaliyobaki ni sifuri. Jumla 20,800, chapati moja 208. Sambusa: unga 2,700, mafuta 5,500, nyama 27,500, vitunguu 3,000, jumla 38,700, moja 387. Risiti ya muuza duka imeandikwa kwa kanuni hiyohiyo, tofauti ni kwamba hapa tumeandika risiti tatu kwa pamoja.

Wanafunzi wengi, na kijana wako pia nadhani limempitia kichwani, hudhani kuzidisha matriksi ni kuzidisha kisanduku kwa kisanduku kinachokielekea, kama tunavyofanya kwenye kujumlisha matriksi. Wanaona kanuni ya "mstari kwa safu" kama mzigo uliobuniwa kumtesa mtu kwenye mtihani. Jikoni ndipo kanuni hiyo inapojieleza yenyewe. Vipimo vya unga havina shughuli na bei ya nyama. Kila kipimo kinatafuta bei yake, vikikutana jina la malighafi linakufa na inabaki shilingi. Kilo za unga mara shilingi kwa kilo ya unga, "kilo za unga" zinakatana. Ndiyo maana shilingi za unga na shilingi za nyama zinaweza kujumlishwa, ilhali kilo za unga na gramu za hamira haziwezi.

Sasa mpangilio. Mwanao amefundishwa kwamba namba za katikati lazima zilingane: 3 kwa 6 mara 6 kwa 1 inaruhusiwa, 6 kwa 1 mara 3 kwa 6 hairuhusiwi. Ni kweli, lakini kwa kazi yako kanuni hiyo haitoshi. Nakuomba uichukue kwa namna nyingine: *majina* ya katikati lazima yalingane. Bidhaa kwa malighafi, mara malighafi kwa bei. Malighafi na malighafi zinagusana, zinakatana, inabaki bidhaa kwa bei, yaani gharama ya kila bidhaa.

Kwa nini nasisitiza majina? Tazama oda zako. Wateja watatu, bidhaa tatu, nami nimezihesabu kwa mamia ya vipande. Shule inachukua maandazi 3 (yaani 300), basi. Stendi inachukua maandazi 2, chapati 1, sambusa 0.5. Ofisi inachukua maandazi 0.5, chapati 0.5, sambusa 1. Hiyo ni matriksi ya 3 kwa 3, wateja kwa bidhaa. Ukiizidisha kwa matriksi ya vipimo, bidhaa kwa malighafi, unapata wateja kwa malighafi: kila mteja anakula unga kiasi gani, mafuta kiasi gani. Shule inatoka na unga kilo 7.5, stendi 12.25, ofisi 6.

Sasa tuseme umeandika oda kwa upande mwingine, bidhaa zikalala na wateja wakasimama. Bado ni 3 kwa 3. Mashine itazidisha bila kulalamika, na itakuambia shule inakula unga kilo 21.25, tena na nyama kilo 1.25, wakati shule haijawahi kuagiza sambusa hata moja. Hakuna alama ya kosa, hakuna rangi nyekundu. Laki mbili na zaidi ya maandazi mliiona mkashtuka. Kilo 21 za unga ungeenda kuzinunua.

Na kuna mtego wa aina hiyohiyo kwenye bei. Fomula haisomi majina, inasoma nafasi. Siku utakapoamua kupanga orodha ya bei kwa alfabeti ili ipendeze, hamira itapanda juu na unga utashuka karibu na mwisho, na mashine itazidisha kilo 2.5 za unga kwa shilingi 18. Kwa hiyo orodha ya bei usiipange upya bila kuipanga na ile ya vipimo.

Nije kwenye #VALUE!. Fomula inayozidisha matriksi kwenye Google Sheets na Excel inaitwa MMULT. Ina masharti mawili. La kwanza, kisanduku kitupu haikitaki. Mkono wako unaacha wazi pale ambapo chapati haina hamira, kwa sababu kwa mpishi kutokuwepo ni kutokuwepo. MMULT inataka uandike 0. La pili, safu za matriksi ya kwanza lazima zilingane kwa idadi na mistari ya ya pili. Kwenye picha uliyonitumia bei zimelala kwenye mstari mmoja, 1 kwa 6, na vipimo ni 3 kwa 6, kwa hiyo katikati kuna 6 na 1. Ama uziandike bei kwa kushuka chini, ama uzifunge ndani ya TRANSPOSE, fomula inayogeuza mstari kuwa safu.

Vipimo vikiwa kwenye B2 mpaka G4 na bei kwenye J2 mpaka J7, andika =MMULT(B2:G4, J2:J7) kwenye kisanduku kimoja. Google Sheets itazijaza yenyewe gharama zote tatu kwenda chini. Excel ya zamani inakutaka kwanza uchague visanduku vitatu, uandike fomula, kisha ubonyeze Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Matoleo mapya hayahitaji hilo.

Sasa nikwambie ukweli wangu. Kwa bidhaa tatu na safu moja ya bei, mimi nisingetumia MMULT kutafuta gharama. Ningeandika bei kwenye mstari wa 7, moja kwa moja chini ya vipimo, unga chini ya unga, hamira chini ya hamira, kisha nikaandika =SUMPRODUCT(B2:G2, $B$7:$G$7) pembeni ya maandazi na kuivuta mpaka sambusa. Ni kuzidisha kulekule kwa matriksi, mstari mmoja kwa wakati. Kisanduku kitupu inakihesabu kama sifuri, na kwa kuwa bei iko chini ya jina lake, jicho linaliona kosa kabla ya mashine. MMULT niiweke akiba kwa ajili ya oda, ambako wateja na bidhaa vinakuwa vingi. Na kama unapendelea daftari na kalamu, daftari halina ubaya wowote. Linakuchosha tu siku bei inapobadilika, kwa kuwa unarudia kila kitu.

Hapo ndipo faida halisi ya mpango huu ilipo, kuliko kasi ya kuzidisha. Vipimo vyako havibadiliki kila wiki. Bei zinabadilika. Ukivitenganisha, siku mafuta yakipanda unagusa namba moja na bidhaa zote tatu zinajirekebisha. Mtu anayeandika "chapati: mafuta 8,800" daftarini amechanganya kipimo na bei ndani ya namba moja, na baada ya miezi miwili hakumbuki ilikuwa lita ngapi. Ongeza pia safu mbili ndogo pembeni ya bei: bei ya kifurushi na ujazo wa kifurushi. Andika 9,000 na 500, fomula igawanye yenyewe. Kosa la hamira halitarudi.

Swali la kama ni hesabu za darasani. Arthur Cayley, Mwingereza aliyeandika kanuni za aljebra ya matriksi mwaka 1858, hakuwa na habari za maandazi, nakubali. Lakini mchumi Wassily Leontief alizitumia kuchambua uchumi mzima wa Marekani kwa namna hiihii unayoifanya: kila kiwanda kinakula kiasi gani cha mazao ya viwanda vingine, nyuma ya mkate kuna unga na nyuma ya unga kuna ngano. Alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1973. Viwanda vikubwa vya chakula navyo vina jedwali kama lako, lina mistari mingi tu.

Sasa tuone jedwali lako linasema nini, maana hili hukuliuliza na nadhani ndilo ulilolihitaji. Andazi linabakiza 91.5 baada ya malighafi. Chapati inabakiza 192. Sambusa, ambayo ndiyo ghali kuliko zote kwenye meza yako, inabakiza 113. Nyama inakula shilingi 275 kati ya 500 kabla hujawasha jiko. Halafu fikiria muda wa kukunja manda mia moja ukilinganisha na kukata maandazi mia moja.

Zidisha oda kwa gharama upate wateja. Shule inakununulia vitu vya 60,000 kwa siku, malighafi 32,550, inabaki 27,450. Ofisi inakununulia vya 80,000, malighafi 54,525, inabaki 25,475. Ofisi inalipa elfu ishirini zaidi na inakuachia pungufu ya shule. Stendi inakuachia 43,150. Sikuambii uiache ofisi, huenda wanalipa siku hiyohiyo wakati shule inakuweka mpaka mwisho wa mwezi, na hilo halimo kwenye matriksi yoyote. Lakini kama unatafuta wa kumpandishia bei, anza na sambusa za ofisini.

Njia zote mbili zinafika mahali pamoja, na huo ni ukaguzi wa bure. Ukitafuta kwanza gharama ya kila bidhaa kisha uzidishe kwa oda, stendi inatoka 61,850. Ukitafuta kwanza kilo na lita za stendi kisha uzidishe kwa bei, inatoka 61,850 vilevile. Ikitofautiana hata kwa shilingi mia, kuna mahali majina hayajalingana. Mwambie kijana hiyo ndiyo sifa ya matriksi anayoikariri, kwamba mabano yanaweza kuhamishwa bila jibu kubadilika ila mpangilio hauwezi.

Njia ya pili inakupa pia orodha ya sokoni. Jumla ya siku: unga kilo 25.75, sukari 2.9, mafuta lita 8.3, hamira gramu 137.5, nyama kilo 3.75, vitunguu 2.25. Angalia unga. Mfuko wako ni kilo 25. Kila siku unapungukiwa na robo tatu ya kilo, na nina hakika hizo ndizo siku unazotuma mtoto dukani saa kumi na moja alfajiri akanunue kilo moja kwa bei ya rejareja. Matriksi inadhani unga unanunuliwa kwa gramu kwa bei ya mfuko. Haijui mifuko.

Na kuna mengine haiyajui. Inaamini kwamba mara mbili ya maandazi ni mara mbili ya kila kitu. Kwa unga na hamira ni kweli. Kwa mafuta ya kukaangia si kweli kabisa, maana karai lazima lijae kwanza hata kama unapika maandazi ishirini, na yale ya mwisho unayoyamwaga yakiwa meusi nayo ni gharama. Hizo namba zako za mafuta, 0.8 na 1.6 na 1, zimekaa kama za kukadiria. Zipime. Pima mafuta yanayoingia, pima yanayobaki yakishapoa, andika tofauti pamoja na yanayomwagwa. Ukitumia mizani, kumbuka lita moja ya mafuta ya kula haina kilo moja, ina takriban gramu 920. Fanya hivyo siku kadhaa uchukue wastani. Mafuta ni shilingi 4,400 kati ya 10,850 za maandazi, yanalingana karibu na unga wenyewe, kwa hiyo kipimo cha uongo hapo kinakuumiza kuliko gramu za hamira.

Vitunguu vivyo hivyo. Kama unanunua kwa sado, sado la leo si sado la juzi, lipeleke kwenye mizani kabla hujaandika bei ya kilo. Na kipimo kiwe cha vitunguu vyenye maganda, kama ulivyovinunua, si vilivyokwisha kumenywa. Nyama pia, andika uzito wa dukani, kabla haijapungua sufuriani.

Gesi au mkaa, nauli, vifungashio na mshahara wa binti anayekusaidia usivilazimishe kuingia kwenye safu za malighafi. Vingi kati yake haviongezeki kwa kila andazi. Vijumlishe kwa wiki, pembeni, uvitoe kwenye ile 96,075 inayobaki kwa siku baada ya malighafi. Kinachosalia hapo ndiyo faida. Watu wengi huishia kwenye malighafi wakaiita faida, kisha wanashangaa fedha inakwenda wapi.

Kuhusu kuigeuza matriksi ili itoe bei ya kuuza: hapana. Kinyume cha matriksi kinapatikana kwa matriksi ya mraba tu, 2 kwa 2, 3 kwa 3, tena ikiwa kigezo chake (determinant, namba moja inayokokotolewa kutoka visanduku vyake) si sifuri. Yako ni 3 kwa 6, haina kinyume. Na hata ingekuwa nacho, kingerudisha kutoka gharama kwenda bei za malighafi, yaani kule ulikotoka. Bei ya kuuza haimo ndani ya vipimo. Inatokana na gharama zote, na mteja aliye tayari kulipa, na yule mwenzako anayeuza andazi upande wa pili wa stendi.

Tumalizie sukari. Mwanzoni mwa 2024 sote tuliona ilivyoadimika na kupita 4,000 kwa kilo sehemu nyingi, kwa hiyo hofu yako ina msingi. Hapa ongeza safu ya pili kwenye bei, iwe 6 kwa 2: safu ya leo, na safu ya "ikiwa", yenye sukari 4,000 na ndoo ya mafuta 130,000, yaani 6,500 kwa lita. Kuzidisha kunabaki kulekule, kunatoa safu mbili za gharama. Maandazi yanatoka 10,850 kwenda 12,150. Chapati 20,800 kwenda 22,500. Sambusa 38,700 kwenda 39,700. Ukichambua, sukari peke yake inaongeza shilingi 5 kwa andazi, shilingi 1 kwa chapati, na hakuna kwa sambusa. Mafuta yanaongeza 8, 16 na 10. Kelele za mtaani ni za sukari, lakini jiko lako linaumizwa na mafuta.

Kwa hiyo kwa sukari peke yake nisingegusa bei wala ukubwa. Shilingi tano kati ya 91 unaweza kuzivumilia. Mafuta yakipanda pamoja nayo, ningepandisha chapati kabla ya andazi. Kupunguza ukubwa ni njia ambayo siipendi, na si kwa sababu ya mteja tu. Donge likiwa dogo, eneo lake la nje ni kubwa zaidi kwa kila gramu ya unga, hivyo linanyonya mafuta mengi zaidi kulingana na uzito wake. Unabana unga wa 1,800 unaongeza mafuta ya 5,500. Ukitaka kujaribu, pima upya mafuta kwa ukubwa mpya kabla ya kuamua. Usichukue kipimo cha zamani ukakipunguza kwa asilimia.

Kuna wakati ambapo maandishi yangu hayatoshi, na ningependa ukae na mtu uso kwa uso. Ukiomba mkopo na benki ikataka hesabu za biashara, tafuta mhasibu azipitie nawe. Mambo ya kodi, nenda ofisi ya TRA, Mamlaka ya Mapato. Kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo huangalia mauzo ya mwaka, kwa hiyo hesabu hii ya malighafi haitajibu swali lao. SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, wapo mkoani kwako na wanafundisha wasindikaji wadogo wa chakula, hasa ukifikiria kufungasha na kuuza madukani. Na kama jedwali linasema inabaki 96,000 kwa siku lakini sandukuni huioni, usitafute kosa kwenye matriksi. Mchukue mtu unayemwamini, mkae naye siku nzima kuanzia unga unapopimwa mpaka fedha ya stendi inaporudi, mkiandika kila kinachotoka na kila kinachoingia.